Nyumba ya babu Mkunazini: miezi 22, milioni 214 na makosa yangu ya mwanzo

Watu wananipigia sana siku hizi, hasa wale waliorithi nyumba Mji Mkongwe hapa Zanzibar na hawajui wauze au watengeneze, na kila nikianza kuwajibu najikuta nimekaa kwenye simu saa nzima na bado sijafika hata kwenye boriti. Kwa hiyo naandika yote hapa, marefu kidogo mnisamehe, na hela nazitaja kama zilivyokuwa, kwa shilingi, kwa sababu mie nilipokuwa natafuta mtu wa kuniambia ukweli wa hela sikumpata.

Nyumba ni ya babu yetu, iko Mkunazini ndani huko vichochoroni, ambako kila mfuko wa mchanga unaingia kwa mkokoteni au mgongoni mwa hamali (na hii peke yake iweke kwenye bajeti, mie sikuiweka). Chini na ghorofa mbili, ua katikati, birika la maji ya mvua chini ya ua, mlango wa kuchonga. Zamani chini lilikuwa duka la vitambaa na familia inakaa juu. Tulipoanza kuijadili ilikuwa haina mtu wa familia zaidi ya miaka kumi na tano, alibaki bi mkubwa mmoja mpangaji ghorofa ya juu, yupo pale tangu mama yangu hajaolewa.

Kusema kweli tulikuwa tunaelekea kuuza. Halafu ikaja tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib ikaanguka mafundi wakiwa kazini, jumba la Sultani Seyyid Barghash la mwaka 1883, na watu wawili wakafariki. Nilikuwa Darajani nikaona watu wanakimbilia Forodhani. Usiku ule nikaenda Mkunazini peke yangu na tochi ya simu, nikautazama ule ufa wa ukuta wa nyuma ambao nimeuona tangu utotoni, nikaweka kidole ndani, kikaingia chote. Sikulala. Asubuhi nikampigia ami nikamwambia ami hii nyumba ama tuitengeneze sasa ama itamuua mtu, na aliyekuwa juu ni bi mkubwa wa watu.

Ndo tukaja na wazo la kituo cha biashara. Sio hoteli, hoteli zimejaa, mie nilitaka vyumba vya watu wa hapa, mshoni, mhasibu, vijana wa kompyuta, ofisi ndogo ya watembeza wageni, na mkahawa chini. Na iwe nyumba isiyokula umeme, maana sie tuliokuwepo 2008 giza la mwezi mzima, halafu lile la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tunajua biashara inayotegemea waya mmoja wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka bara ikizimika inakuwaje.

Kabla hujagusa chochote jua nyumba ni ya nani. Nasema hivi kwa sababu Mji Mkongwe nyumba nyingi ni za serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine ni wakfu, na utakuta watu wamekaa miaka na miaka wanaita yao mpaka siku ya kwenda kuomba kibali. Yetu ilikuwa ya watu kweli, ila warithi kumi na mmoja, wawili wako Muscat na mmoja London. Miezi saba ilikwenda kwenye mirathi na mkataba tu. Sita wakaingia na hisa, watano wakataka walipwe kidogo kidogo kwenye kodi ikianza kuingia. Shangazi wa Muscat alilia kwenye simu, akidhani tunamnyang'anya nyumba ya baba yake, na nilikosea kumtumia karatasi ya mwanasheria kabla sijazungumza naye mwenyewe. Zungumza kwanza, karatasi baadae. Lakini karatasi iwepo, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Mie nikauza kiwanja changu cha Fuoni. Pamoja na ndugu tukafika milioni 120, nikaona zinatosha na zinabaki.

Kibali kikachukua miezi mitano, na mwezi na nusu kati ya hiyo niliupoteza mwenyewe. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na Mamlaka ya Mji Mkongwe ndo wanaoangalia kila kitu, dirisha, rangi, bango, mpaka mlango ufungukie wapi. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na madirisha ya alumini na bango la taa, mchoraji alinitolea tu kwenye kazi yake ya nyumba mpya ya Mbweni. Ukarudishwa. Nenda kwao mapema na picha za kila chumba, uliza kabla ya kuchora, wanakwambia vizuri tu kinachokubalika. Mie nilienda na mchoro uliokwisha lipiwa.

Sasa tuje kwenye lile lililoniumiza. Januari 2022 nikampa kazi kontrakta mmoja, kijana mzuri, anajenga nyumba za tofali kwa kasi, bei yake ilikuwa chini kuliko wote na aliahidi miezi sita. Siku ya pili tu akanambia dada, chokaa hizi za siku hizi hazishiki, tupige plasta ya saruji chini kote, kavu, safi, unapaka rangi unasahau. Kwenye kibali tuliandika chokaa. Nilijua. Lakini ukuta ulikuwa umebanduka vibaya na mie nilitaka kuona kitu kinang'aa, nikakubali. Milioni 11 zikaenda, na nikapiga picha nikawatumia ndugu wote.

Bi mkubwa alikuwa anashuka kila asubuhi anasimama ngazini anatazama. Siku moja akanambia, "Mwanangu, huo ukuta maji yake hayatoki juu. Yanatoka kwa jirani. Mwaka wa mvua kubwa marehemu mume wangu alikuwa anaweka ndoo hapo." Akanionyesha kwa mkono, kona ya nyuma, karibu na ngazi. Mie nikamwitikia naam bi mkubwa, nikarudi kwenye simu yangu. Nilimheshimu kwa mdomo lakini sikumsikiliza, na hilo mpaka leo linaniuma kuliko hela.

Masika ikaingia Machi. Wiki ya tatu ya mvua ile plasta mpya ikaanza kutoa kama mapovu chini ya rangi, ukibonyeza inazama, halafu ikawa inamwaga unga mweupe wa chumvi kila ukipita. Kona ya ngazi ikabanduka pande kubwa kama meza. Na nyuma yake ukuta ulikuwa tope, yani unachota kwa kijiko.

Hii nielezee vizuri maana ndo roho ya jambo lote. Kuta zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, zinanyonya maji na zinayatoa, mvua inanyesha ukuta unalowa, jua likija unakauka. Chokaa inaruhusu hilo. Saruji hairuhusu, inafunga, na rangi ya plastiki juu yake inafunga mara mbili. Maji yakishakosa pa kutokea mbele yanapanda juu, mpaka yafike kwenye boriti, na boriti ikilowa kichwa chake ndani ya ukuta inaoza pale pale usipopaona, huku katikati ya chumba unaiona nzima. Ukija kushtuka sakafu ya juu inashuka.

Wiki ile ile kikatokea cha pili. Kuna mteja alikuwa anataka ukumbi mmoja mkubwa ghorofa ya kwanza, akaahidi kodi ya mwaka mzima, na kontrakta akasema ukuta wa kati ni wa kugawa tu hauna kazi. Wakautoa nusu. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, mita tatu hivi, kwa hiyo karibu kila ukuta una boriti zimekaa juu yake, na ule ulikuwa umebeba ghorofa ya bi mkubwa. Mkaguzi akapita, akatazama juu, akatutoa wote nje saa ile ile na kazi ikasimamishwa wiki sita. Alikuwa na haki kabisa. Bi mkubwa tulimhamishia kwa dada yangu Kikwajuni usiku ule na vitu vyake kwenye mikokoteni miwili, kashika kasha lake la shahada za watoto mapajani, na hakunilaumu hata neno moja.

Kuweka mihimili ya muda, injinia, na kuujenga tena ule ukuta kwa mawe na chokaa kulikula milioni 18. Mteja wa ukumbi alishaondoka zamani.

Zile wiki sita za kusimama ndo zilizoniokoa. Nikamtafuta mzee mmoja fundi wa chokaa kutoka shamba, ameshafanya kazi kwenye majumba mengi ya mjini, akaja akakaa siku nzima hajashika nyundo. Alikuwa anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole anasikiliza, palipo pazima panajibu kwa sauti nzito, palipoachia panalia kama ngoma. Akachukua nailoni akaibandika ukutani kwa gundi pande zote nne, akasema tuiache mpaka kesho kutwa. Tulivyorudi ndani yake kumejaa matone. Akanambia huu ukuta unakunywa mahali, mtafute nani anaunywesha, kabla ya hapo usinunue chokaa hata kilo.

Tukaenda kwa jirani. Bomba lake la maji machafu lilikuwa limepasuka ndani ya ardhi pale pale kwenye kona aliyoinyoosha bi mkubwa kidole. Kulitengeneza kukagharimu laki tatu na sitini elfu, nililipa mie na jirani akachangia chai ya mafundi. Laki tatu na sitini. Ningemsikiliza yule mama Januari.

Basi ushauri wangu mkubwa ni huu na naurudia kwa kila anayenipigia, ukipata nyumba ya mawe kaa nayo Masika moja bila kuvunja kitu. Ziba paa kwa muda kama linavuja, egemeza palipo hatari, halafu zunguka na daftari mvua ikinyesha, andika wapi panalowa, baada ya saa ngapi, maji yanatoka pembe gani. Kata miche inayoota ukutani ingali midogo, mizizi yake inapasua mawe. Uliza wapangaji wa zamani na majirani. Utaona unachelewa mwaka, lakini mie kwa haraka zangu nilitumia miezi 22.

Chokaa sasa. Kubandua ile saruji kulikuwa milioni 4, na inang'oka na mawe, unalia ukiangalia. Chokaa upya milioni 14. Yani kazi ya milioni 14 niliilipia 29. Mzee alizima chokaa kwenye shimo nyuma ya ua, mawe meupe unayamwagia maji yanachemka yenyewe kama chungu cha uji, akaiacha imelala chini ya maji karibu miezi miwili kabla ya kuitumia. Hapo kuwa makini sana. Kijana mmoja msaidizi alirukiwa jichoni, tukamshika kichwa tukammwagia maji safi robo saa nzima ndipo tukampeleka hospitali, jicho likapona alhamdulillahi, lakini miwani nilizinunua siku ya pili wakati zilitakiwa ziwepo siku ya kwanza. Mchanga usitumie wa pwani, una chumvi, hata kama upo karibu na ni wa bure. Plasta inapigwa nyembamba, kama sentimita moja, unangoja, unapiga tena, na kila siku unailowesha na kuifunika magunia isikaushwe na jua, ikikauka haraka inapasuka. Mwisho sio rangi ya dukani, ni maji ya chokaa kwa brashi, mikono mitano sita. Kontrakta wa haraka hawezi kazi hii, sio kwamba ni mbaya, hana subira nayo na bei yake haiiruhusu.

Boriti tulizikagua zote, 187. Zilizooza vichwa zilikuwa 64. Moja mzee aliishika akaikamua mkononi ikamwagika kama ngano, na ile ilikuwa juu ya kitanda cha bi mkubwa. Mikoko siku hizi huwezi kwenda kukata tu kiholela, kwa hiyo tulichanganya, chache za mikoko za kununua kwa kibali na nyingi za mbao ngumu zilizopakwa dawa ya mchwa, na vichwa vyake tukaviachia nafasi ya hewa ndani ya ukuta badala ya kuvisakama kwa zege.

Paa lilikula milioni 26 na mifereji yake, na hili ndo lingetakiwa kuwa la kwanza kabisa.

Kwenye mambo ya umeme na maji nilidhani uendelevu ni kununua vitu. Nilikuja na orodha ya sola na mitambo, nikaja kugundua nusu ya kazi babu zetu walishaifanya. Ule ua wa katikati ukiufungua, madirisha ya juu yakafunguliwa, hewa moto inapanda inatoka na chini inaingia baridi. Nilipima mwenyewe mchana wa Februari, kichochoroni digrii 33, chumba cha chini 28 bila feni. Miaka ya karibuni mtu alikuwa ameuezeka ule ua kwa mabati kupata stoo. Kuyatoa kulikuwa kazi ya siku mbili na ndo kitu kilichobadilisha nyumba kuliko vyote nilivyolipia. AC nimeruhusu vyumba viwili tu, mmoja ana mashine zake zinazotaka baridi, wengine feni za dari.

Sola kilowati 5 na betri, milioni 17, paneli tumezilaza upande wa paa usioonekana kutoka njiani na hilo liliandikwa kwenye kibali. Inabeba taa, feni, intaneti na kompyuta, haibebi AC, nimewaambia wapangaji tangu mwanzo ili tusigombane. Birika la zamani tulilikuta limejaa kifusi na viatu, tukalisafisha tukalipiga plasta upya kwa milioni 3, linabeba lita 18,000. Hesabu yake nyepesi, mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, paa letu ni mita 160, kwa hiyo mvua nzuri ya milimita 10 inakaribia kuleta lita 1,600. Maji yale ni ya vyoo na kusafishia, ya kunywa hapana.

Fundi bomba alikuwa ameshapandisha tangi la lita 2,000 juu kabisa. Injinia alivyoliona aliuliza tu, mnajua hizo ni tani mbili? Likashushwa siku hiyo, likakaa chini na pampu. Na fundi umeme usimruhusu achimbe mifereji ya waya kwenye ukuta wa matumbawe, mpitishie juu kwa bomba nyembamba, inapendeza ukiipanga vizuri. Intaneti pia, kuta za sentimita 55 waifai haipiti, ilibidi tuvute waya kila ghorofa baada ya wapangaji wa kwanza kulalamika mwezi mzima. Hilo fanya kabla ya plasta.

Na kwa wanawake wenzangu. Mafundi walikuwa wanamwelekea kaka yangu kila akija, hata kama mie ndo naulizwa na mie ndo nalipa. Dawa yangu ilikuwa malipo yote yapite kwangu, kila Alhamisi, baada ya kutembea chumba kwa chumba na daftari. Wiki ya pili tu walishajua wa kuzungumza naye.

Tulifungua Novemba 2023. Jumla milioni 214, karibu mara mbili ya bajeti, na pengo lile tulilijaza kwa dhahabu ya mama, kwa mkopo wa ndugu wa London na kwa mie kurudi kukaa kwa wazazi na watoto wangu wawili. Kuna usiku wa Ramadhani niliokaa kwenye ile ngazi baada ya tarawehe nikajiuliza kwanini sikuuza. Vyumba kumi na moja, vilivyopangishwa tisa, kodi kati ya laki mbili na nusu na laki nne kwa mwezi, ukitoa ulinzi, usafi, matengenezo na sehemu ya wale ndugu watano, naona itachukua si chini ya miaka minane kurudisha. Anayekwambia miaka mitatu hajawahi kulipa fundi wa chokaa. Na weka fungu kila mwezi kwa ajili ya paa na kupaka chokaa tena, nyumba hizi hazimalizwi, zinatunzwa.

Bi mkubwa amerudi. Chumba chake kipo juu palepale, kodi yake ile ile, na hilo tuliliandika kwenye mkataba wa warithi wote kumi na moja wakasaini, shangazi wa Muscat wa kwanza. Asubuhi anashuka kukaa barazani, mshoni anamletea kahawa, na akiona dalili ya maji mahali ananiita.

Kona ya ngazi bado inatoa chumvi kidogo. Mzee fundi anasema ukuta uliolowa miaka yote ile hauwezi kukauka kwa miaka miwili, nisiupake kitu, nipige brashi kavu nizoe unga na niutupe nje usirudi ukutani. Kila Ijumaa kabla ya sala napiga brashi. Mwanzo nilikuwa najaza kopo la maziwa zima, wiki iliyopita limefika nusu.